Mawimbi yakianguka, usiongeze moto

Huenda jambo hili limewahi kukupata. Umealikwa harusi Bomet. Saa tatu asubuhi unapitia saluni mjini Kericho, na nywele zako nene, zilizonyooshwa kwa dawa, zinasokotwa kwa chuma cha moto ambacho wasusi wengi hukiita tongi. Unatoka na mawimbi ya kupendeza. Saa nane mvua ya alasiri inaanza kunyesha, na kabla keki haijakatwa nywele zimelala kana kwamba hazikuguswa. Wiki inayofuata unatafuta tongi yenye moto mkali zaidi. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Kwa nini mawimbi huanguka?

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani yake mna viungo vidogo vinavyoshikilia umbo. Viungo hivyo hufunguka kwa maji au kwa joto, kisha hujifunga upya unywele unapokauka na kupoa. Unywele ukipoa ukiwa umepindika, hubaki umepindika. Hewa yenye unyevu ikiuingia, viungo hufunguka tena na wimbi hulegea.

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hali hiyo inayostawisha majani chai ndiyo adui wa mawimbi. Isitoshe, nywele nyingi zilizonyooka ni nzito, na uzito wake huvuta wimbi chini. Moto ukiwa mkali kiasi gani, hauwezi kuondoa unyevu ulio hewani. Utaunguza nywele bure.

Hasara ya moto uliozidi

Joto likipita nyuzi 200 za Selsiasi hivi, keratini yenyewe huanza kuharibika. Nywele zilizotiwa dawa zimekwisha kudhoofika, kwa hiyo huharibika mapema zaidi. Tongi ikiwekwa kwenye nywele mbichi, maji yaliyo ndani huchemka, na mvuke huacha mapovu ndani ya unywele. Unywele wa namna hiyo hukatika ukichanwa tu.

Nywele iliyokatika huota tena. Ngozi ya kichwa ikiungua hadi kufanya kovu, pale penye kovu huenda pasiote kitu maisha yako yote. Uko pia upara unaoanzia utosini na kuenea pembeni polepole. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuhusisha na chanuo la moto. Leo inajulikana kwamba urithi pia una sehemu yake, lakini moto, dawa kali na kuvuta nywele huwekwa miongoni mwa mambo ya kuepuka. Ukihisi utosi unawasha, unauma au nywele zinapungua, mwone daktari wa ngozi mapema, kabla makovu hayajaenea.

Jinsi ya kuchagua tongi

1. Tazama volti kwanza. Umeme wa Kenya ni volti 240. Tongi uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani huenda ni ya volti 120 pekee. Ukiichomeka moja kwa moja hapa, nguvu yake inaweza kupanda mara nne. Itaungua, au itakuunguza wewe. Iliyoandikwa 100–240 haina shida.

2. Nunua yenye kidhibiti cha joto kinachoonyesha nyuzi. Taa inayowaka na kuzima tu haikuambii kitu. Kwa nywele nene zisizo na dawa, anzia nyuzi 170. Zilizotiwa dawa au rangi, anzia 150. Panda kidogo kidogo, wala usipite 190.

3. Chagua unene wa chuma. Kwa kuwa nywele nzito hulegeza wimbi, chukua chuma chembamba kuliko wimbi unalotaka. Nywele za kufika mabegani hufaa milimita 19 hadi 25. Chuma cha milimita 32 ni cha nywele ndefu, na wimbi lake ndilo huanguka upesi.

4. Pitisha kidole juu ya chuma kikiwa baridi. Kiwe laini kote. Kilichobambuka hunasa nywele na kuunguza mahali pamoja.

Kama msusi wako hutumia chuma kinachopashwa jikoni, mwombe akibane kwanza kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Karatasi ikigeuka rangi, chuma kipoe kwanza.

Jinsi ya kutumia

Nywele ziwe zimekauka kabisa. Ukisikia zinachacha au ukaona mvuke, acha. Usipake mafuta mazito kabla ya moto, kwani huyeyuka na kutiririka hadi kwenye ngozi. Tumia dawa ya kukinga joto, nayo ikauke. Shika fungu dogo, upana wa vidole viwili, anza mbali na ngozi, na usizidishe sekunde 10.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: lishike fungu hilo kiganjani, au libane kwa pini likiwa limejikunja, hadi lipoe. Wimbi hukamatwa wakati wa kupoa. Usilichane likiwa moto. Siku ya mvua, funga kitambaa cha hariri au satini na ubebe mwavuli.

Baada ya kutia dawa ya kunyoosha, pumzisha nywele wiki mbili bila moto. Siku nyingine pia, mara moja kwa wiki inatosha. Kwa harusi ya msimu wa mvua, rola zinazofungwa usiku kwenye nywele zenye unyevu kidogo hutoa mawimbi bila moto wowote, mradi zikauke kabisa kabla ya kufunguliwa.

Ukiungua

Mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga. Malengelenge yakitokea, au ukiungua karibu na jicho, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wimbi lililoanguka Jumamosi utalitengeneza tena Jumamosi nyingine. Ngozi ya kichwa unayo moja tu, itunze.