ADABU ZA SAFARI YA MAPUMZIKO
Somo kwa wenye kupanda Dodoma pamoja na wenzao

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake njia za bara na bahari, akawakhafifishia wasafiri baadhi ya mazito ya ibada. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa pwani, imekuwa desturi siku hizi, sikukuu ya serikali ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, vijana na hata watu wazima hukusanyika watano au sita wakatoka mjini kwenda kupumzika. Wengine huenda Unguja, wengine Tanga, na wengi sasa hupanda Dodoma, kuutazama mji mkuu na kula zabibu. Jambo hili kwa asili yake ni halali. Moyo huchoka kama mwili uchokavyo, na kuitembea nchi ya Mungu kwa mazingatio ni jambo lililosifiwa katika Qurani. Lakini halali ina mipaka yake, na safari ina fiqhi yake; na mtu asiyejifunza kabla ya kutoka hujifunza njiani kwa hasara. Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wa waliojifunza kwa hasara, nawe utayasikia yake mahali pake.

MLANGO WA KWANZA: Katika nia, na katika yale uyaachayo nyuma

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba safari ya mapumziko ni mubaha. Wala mubaha haitangulii mbele ya wajibu. Basi kabla hujakata tikiti, tazama mambo matatu.

La kwanza ni nyumba yako. Masurufu ya mke na watoto ni deni juu ya shingo yako kila siku, wala hayaondoki kwa sababu wewe hupo. Mtu aliyetumia fedha ya chakula cha nyumbani kwa ajili ya kula nyama ya kuchoma na rafiki zake amedhulumu, hata kama alisali sala zote za njiani.

La pili ni deni. Mwenye deni lililokwisha kufika wakati wake, naye ana uwezo wa kulipa, hana ruhusa kusafiri ila kwa idhini ya mwenye haki yake. Ni aibu kubwa mdai wako akuone katika picha unacheka mjini Dodoma, nawe ulimwambia juzi kuwa huna kitu.

La tatu ni nia. Safari ya maasi haina takhfifu ya sharia: aliyetoka kwa ajili ya kulewa au zinaa hapunguzi sala wala hazichanganyi. Na aliyetoka kwa nia njema ya kupumzisha nafsi, kuunga udugu na kuitazama nchi, huenda mapumziko yake yakaandikwa katika mema yake.

MLANGO WA PILI: Katika wenzi na mkuu wa safari

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Watu hudhani amri hii ni ya majeshi na misafara mikubwa. La, sivyo. Ni ya watatu, na kwa hiyo ni yetu sisi wa magari na treni. Amiri si mwenye fedha nyingi wala mwenye sauti kubwa. Ni yule mwenye kujua nyakati za sala, mwenye subira, na mwenye kuthubutu kusema neno linapohitajika kusemwa.

Na katika fedha, wazee wetu walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kula bia, kila mtu atoe sehemu yake, na chakula kiwe kimoja. Ya pili ni kula kikoa, leo huyu alishe wote, kesho yule. Zote mbili ni njema, na kuchanganya chakula cha safari kuna asili katika hadithi sahihi, kwani Mtume aliwasifu Waashari waliokuwa wakipungukiwa na chakula hukusanya walicho nacho, kisha wakagawana sawasawa. Lakini bia yataka mambo mawili: fedha iwekwe mikononi mwa mtu mmoja mwaminifu, na kiasi chake kijulikane kabla ya kutoka, ili maskini wa kundi asivutwe zaidi ya uwezo wake kwa kuona haya kusema. Kumla mtu mali yake kwa haya ni kama kuila kwa nguvu.

MLANGO WA TATU: Katika Ijumaa na sala za njiani

Hapa ndipo yalipo makosa yetu. Mwaka 2024, tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, iliangukia Ijumaa. Tukatoka Dar es Salaam watu watano wa baraza moja, tukapanda basi jua likichomoza. Hatukumweka amiri, kwa kuwa sote tulikuwa rafiki, na kila mmoja alidhani urafiki watosha. Adhuhuri ikatukuta njiani, Ijumaa ikatupita, nasi tukafika Dodoma kiasi cha saa tisa. Tukasema: msafiri hana Ijumaa.

Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtu ambaye Ijumaa yamlazimu, alfajiri ikishaingia naye yumo mjini mwake, haijuzu kwake kutoka ila ikiwa ataiwahi Ijumaa njiani au huko aendako, au akikhofia madhara kwa kuachwa na wenziwe. Sisi tulitoka baada ya alfajiri, na Ijumaa hatukuitarajia popote. Basi anayetaka kusalimika na atoke Alhamisi mchana, au asali Ijumaa kwanza kisha atoke. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme yachukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo huenda kwa muda usiofika nusu ya muda wa basi. Ikiwa treni ya asubuhi imepangwa kufika kabla ya adhuhuri, mtu aweza kutoka nayo akaiwahi khutuba huko huko, hasa katika Msikiti wa Gaddafi, msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010. Lakini ratiba hubadilika, basi itazame kwanza.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Jumapili tulipanda basi la kurudi saa saba na nusu mchana. Adhuhuri ilikwisha kuingia, na msikiti ulikuwa karibu nasi. Tukasema, tutasali mbele, gari likisimama. Gari likakawia njiani. Likasimama mahali pa chakula kwa dakika chache, watu wakakimbilia kula. Kila mmoja wetu akamtazama mwenziwe, hakuna aliyesema neno kwa dereva. Jua likatua nasi tumekaa vitini, adhuhuri na alasiri zote mbili mikononi mwetu hazijasaliwa. Wallahi sijapata kuona machweo mazito kama yale. Mmoja wetu, ambaye ndiye mdogo kuliko sote, alilia. Sisi wakubwa tulinyamaza.

Basi sikiliza namna tulivyoweza kuokoka kwa wepesi kabisa.

Msafiri wa safari ya marhala mbili, nazo ni kiasi cha kilomita 80 na kitu, anayo ruhusa kusali adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili mbili. Subuhi na magharibi hazipungui. Na baina ya Dar es Salaam na Dodoma ni kiasi cha kilomita 450, basi hapana shaka katika jambo hili. Ruhusa huanza ukishayapita majumba ya mji wako, si ukiwa ungali kituoni. Ukifika uendako, ukiwa umenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa hukatika kwa kufika kwako. Ukinuia chini ya hapo, wewe ungali msafiri. Basi mtu wa mapumziko ya siku tatu hupunguza na kuchanganya siku zake zote za Dodoma.

Kwa hiyo sisi, kabla ya kupanda basi, tuliweza kusali adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili kwa kutanguliza, pale pale mjini, kwa muda usiofika robo saa. Sharti zake ni kuanza na adhuhuri, kunuia kuchanganya ndani yake, na kufuatisha alasiri bila ya kukawia baina yake. Na lau tungetaka kuakhirisha adhuhuri mpaka wakati wa alasiri, ilitupasa kunuia hivyo kabla wakati wa adhuhuri haujatoka. Nasi hatukunuia kitu, tulighafilika tu. Na hata hapo ilitupasa kumwomba dereva asimame. Na kama angalikataa, tungesali vitini kwa kadiri ya uwezo, kwa kuuheshimu wakati, kisha tukashuka tukairudia sala. Ama kuiacha mpaka utoke wakati, hilo halina mlango.

Faida. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini karibu kabisa, na cha Dodoma ni kaskazini iliyoelekea mashariki kidogo. Treni ipandayo yaelekea magharibi, basi kibla kwa jumla ki upande wa mkono wako wa kuume, na katika kurudi ki upande wa kushoto. Lakini njia ina mapindo, basi hakikisha wakati wa kusali. Na jua ya kuwa Dodoma i magharibi ya Dar es Salaam, na jua hutua huko nyuma yetu kwa kiasi cha robo saa. Aliyefunga akaenda huko asifuturu kwa saa ya kwao.

MLANGO WA NNE: Katika mji na wenyeji wake

Dodoma i juu ya uwanda wa kiasi cha mita 1,100 kutoka bahari, nchi kavu ya mibuyu na miiba, na mvua yake ni chache. Reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapo mwaka 1910. Mwaka 1973 ilikatwa shauri pawe makao makuu ya nchi. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhamia kwa jumla, na mwaka 2018 ukatajwa kuwa jiji.

Lakini kabla ya haya yote nchi ile ilikuwa Ugogo, na wazee wetu wa pwani waliijua kwa miguu yao. Walitoka Bagamoyo, wakapita Mpwapwa, kisha wakaikabili Marenga Mkali, nyika isiyo maji, wakiterekeza ili wapate kuivuka. Wakiingia Ugogo walitoa hongo kwa watemi, na maji waliyanunua. Walinung'unika, naam, lakini walijua kuwa kisima kina mwenyewe. Basi mjukuu wao ashukaye leo katika treni akiwaita wenyeji kwa majina ya dharau, au akicheka matamshi yao, hakurithi akili ya wazee. Ubora ni kwa uchamungu, si kwa kuzaliwa karibu na bahari. Huenda imamu atakayekusalisha Dodoma ni Mgogo au Mrangi wa Kondoa, naye amehifadhi Qurani na wewe hukuhifadhi.

Tena Dodoma ni nchi ya zabibu, nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kula na uzichukulie jamaa zako, ni neema. Lakini zabibu hizo hizo hukamuliwa mvinyo, na wako wanaowaalika wageni kwenda kuonja. Muislamu haonji, wala haketi penye meza inayozungushwa ulevi, hata kama yeye mkononi ana maji. Amiri mzuri hulikata jambo hili mapema, si mlangoni.

MASUALI

Suali: Mmoja wetu asoma Chuo Kikuu cha Dodoma, naye ni mkaazi huko. Nani asalishe?

Jawabu: Akisalisha yeye, msafiri aliye nyuma yake hutimiza rakaa nne. Akisalisha msafiri, yeye hutoa salamu kwa mbili, na mkaazi huinuka akatimiza. Na ni vyema imamu awaambie kabla ya takbiri.

Suali: Tulinuia siku tatu, kisha gari likaharibika, kila siku twaambiwa kesho. Je, twaendelea kupunguza?

Jawabu: Ndiyo. Mwenye kutazamia kuondoka kila siku hupunguza mpaka siku kumi na nane.

Suali: Yafaa kwenda Kolo, huko Kondoa, kutazama michoro ya kale ya majabalini?

Jawabu: Yafaa, kwa mazingatio ya watu waliopita na athari zao zikabaki. Na mahali hapo pamewekwa tangu mwaka 2006 katika urithi wa dunia, basi usiandike jina lako juu ya jiwe.

KHATIMA

Mtume wetu alitufundisha kuwa safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu usingizi na chakula chake, na kwamba aliyekwisha haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Basi ukirudi, anza na rakaa mbili msikitini, kisha nenda nyumbani na zawadi ijapokuwa kichala kimoja cha zabibu. Hesabuni bia yenu mbele ya wote, kila mtu apewe chake, na samehaneni.

Nasi watu watano wa baraza ile tulizilipa sala zetu usiku ule ule tuliposhuka, tukatubu. Mwaka uliofuata tulipanda tena Dodoma, naye yule mdogo aliyelia ndiye tuliyemfanya amiri. Hatukupitwa na sala hata moja.

Wallahu aalamu.