Mafunzo Niliyopata kwa Kuchavusha Vanila

Kwetu Bukoba vanila hutambaa juu ya mibono, kivulini mwa migomba, na haizai mpaka mtu alishughulikie ua moja moja kwa mkono. Kazi hiyo imenifundisha haya:

1. Kuwa karibu si kukutana. Ua la vanila lina chavua na stigma ya kuipokea ndani yake, lakini kati yao pana kiwambo chembamba. Kisipoinuliwa, chavua haivuki.

2. Mmea huhama, mchavushaji hubaki. Asili ya vanila ni Meksiko, ambako wapo nyuki wanaoliweza ua lake. Ilipopandwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua tu. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alionyesha namna ya kuinua kiwambo kwa kijiti na kuibana chavua kwenye stigma kwa kidole gumba. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 akapewa jina la Albius; alifariki mwaka 1880 akiwa fukara. Ninachofanya shambani ni kilekile alichofanya yeye.

3. Ua halingoji. Hufunguka alfajiri, na mchana likaanza kunyauka. Kishada hakifungui maua yake yote kwa pamoja, hivyo msimu mzima shamba hukaguliwa kila asubuhi. Mwenye safari au msiba huacha mtu.

4. Matokeo huonekana mapema. Ua lisilochavushwa hudondoka baada ya siku moja au mbili. Lililochavushwa hunyauka likabaki pale pale, maana chavua iliyonasa kwenye stigma huota mirija midogo inayoshuka hadi kwenye ovari, mbegu zikatungwa. Ovari yenyewe ndiyo ile sehemu ya kijani nyuma ya ua ambayo wageni huidhani kikonyo. Hiyo ndiyo inayorefuka ikawa tunda.

5. Kuacha nako ni kuchavusha. Tunda hukaa kwenye mmea kama miezi tisa likinyonya nguvu. Kwa hiyo mimi huchagua maua machache katika kila kishada, hasa yanayotazama chini ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Mengine huyaacha yaanguke. Anayechavusha yote hupata matunda mengi membamba, na rando lililochoka huchanua kidogo msimu unaofuata.