Somo: Mti katika Nembo



Mataifa mengi hujitambulisha kwa mti. Lebanoni imeweka mwerezi katika bendera yake. Bendera ya Zanzibar iliyopandishwa Desemba 1963 ilikuwa nyekundu, na katikati duara la kijani lenye karafuu mbili. Haikupita Januari 1964. Baadaye mkarafuu, pamoja na mpamba, ukawekwa miguuni pa yule bwana na bibi katika Nembo ya Taifa ya Tanzania.

Upande wa bara, mti unaohesabiwa kuwa wa taifa ni mpingo, ambao humea sana Kilwa na Lindi. Kiini chake ni cheusi, kizito hata huzama majini. Wamakonde huchonga vinyago, na Ulaya hufanyiwa zumari. Lakini hukua polepole mno: huchukua miaka 70 au zaidi kufaa kukatwa.

Je, sifa hiyo iliulinda? La. Ulikatwa, na wenyeji wakapata kidogo sana. Kilichosaidia ni haki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha utunzaji mwema. Magogo yalipouzwa, fedha ziliingia kijijini. Basi watu wakawa na sababu ya kulinda.

Tuzingatie hilo. Mti hautunzwi na picha yake. Hutunzwa na yule anayekula kwao. Kila mkarafuu ukifa shambani, pandeni mche mahali pake.