Je, Nikiitikia Salaam Nimemkana Yesu?

Masomo: Ruthu 2:4, Mathayo 5:47, Luka 10:5-6



Katika ushirika wa nyumbani niliulizwa: "Pastor, mwenzangu wa shifti ni Mwislamu. Akiniambia 'Asalaam aleikum' nikiitikia, nimemkana Yesu?" Watu walinyamaza, maana swali lilikuwa la wengi. Wapo pia kati yetu ambao wakisema "Bwana asifiwe" na mtu asijibu "Amen", wanamfuta kabisa.

Tuwaangalie Wayahudi, kwa sababu Bwana wetu alilelewa katika desturi zao.

1. Salamu ni baraka. Boazi aliwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakambariki. Angalia: tajiri ndiye aliyeanza, vibarua wakaitikia.

2. Hata mtu wa mataifa husalimiwa. Mishna, mafundisho ya walimu wao yaliyokusanywa karibu mwaka 200 BK, inaruhusu kuwasalimu watu wa mataifa kwa ajili ya amani. Mwalimu Yohanan ben Zakkai, aliyeishi wakati Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, anasifiwa kwamba sokoni hakuna aliyewahi kumtangulia kwa salamu, hata asiye Myahudi.

3. Heshimu mpaka wa mwenzako. Wayahudi wengi wa Kiothodoksi hawashikani mkono na mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia. Si dharau. Ukitembelea sinagogi ya Nairobi, pale University Way, ngoja mwenyeji anyooshe mkono kwanza. Kwani hata hapa kwetu, si mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa mzee amguse? Nani amewahi kukasirika?

Basi jibu ni hili. "Shalom" na "salaam" zina mzizi mmoja, na maana yake ni amani. Ukiitikia "Waaleikum salaam" umemtakia mwenzako amani, hujabadilisha imani. Yesu aliwaagiza wanafunzi waitakie nyumba amani kabla hawajajua nani yumo ndani. Tena anatuuliza: mkiwasalimu ndugu zenu tu, mmezidi nini?

Magadi ni mji mdogo. Siku ukipata msiba, yule uliyemnyima salamu ndiye atakayekuja kuweka hema na kubeba maji. Na utamhubiria vipi mtu usiyemsalimia?

Zoezi la wiki: Chagua jirani mmoja wa imani nyingine. Mtangulie kwa salamu kila siku, kwa namna anayoiheshimu.

Tuombe: Bwana, fanya midomo yetu iwe na amani kwa wote. Amen.