Kusawazisha Magurudumu ya Pikipiki ya Njia za Vumbi

Mtu anunuaye pikipiki ya njia mbovu, mathalani Yamaha DT 125 au Honda XL 125 iliyokwisha kutumika kwa miaka kadhaa mashambani, aghalabu huigundua dosari ya magurudumu yake siku ile aifikishapo kwenye lami. Katika vumbi na makorongo dosari hiyo haikuonekana, kwa kuwa barabara yenyewe ilikuwa ikitikisa kila kitu. Kwenye lami mwendo huongezeka, usukani huanza kutetemeka, viganja hufa ganzi, na taswira ndani ya kioo cha pembeni hukorogeka. Mwenye pikipiki akienda kwa mafundi watatu, yamkini atarudi na majibu matatu: beringi, shokapu, tairi. Kila jibu lina bei yake, na huenda hakuna hata moja lililo sahihi. Ndiyo maana tunawashauri watumiaji wajue kidogo juu ya jambo hili kabla ya kufungua pochi.

Gurudumu lililosawazika ni lile ambalo uzito wake umegawanyika sawa kuizunguka ekseli. Upande mmoja ukizidi, uzito ule wa ziada huvuta kuelekea nje kila gurudumu lizungukapo, na mvuto huo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiongezeka maradufu, mvuto huongezeka mara nne. Tuchukue gurudumu la mbele lenye ringi ya inchi 21, ambalo ndilo la kawaida kwa pikipiki za aina hii, na tuseme limezidiwa gramu 50 tu upande mmoja wa ringi. Kwa kilomita 40 kwa saa, gramu hizo huvuta kama mzigo wa karibu kilo moja na nusu. Kwa kilomita 80 kwa saa huvuta kama mzigo wa kilo 5 na nusu, na mvuto huo hugeuka upande takriban mara 10 kila sekunde. Hapo si mikono tu inayoumia. Nati hulegea, na spoki zilizokuwa zimeanza kulegea huzidi kulegea.

Kabla ya yote, osheni gurudumu. Twalisema hili bila mzaha, kwani tope lililokauka ndani ya ringi, upande mmoja, hutosha kabisa kuleta mtetemo, na ndoo ya maji haina gharama. Baada ya hapo tafuteni kwanza kama mtetemo unatoka kwenye gurudumu au kwenye injini. Katika barabara iliyonyooka isiyo na watu wala magari, fikeni mwendo ule unaotetemesha, kisha bonyezeni klachi na kuachia mafuta kwa muda mfupi. Mtetemo ukikoma mara moja, chanzo ni injini au vishikizo vyake, na kusawazisha magurudumu hakutasaidia lolote. Ukiendelea na kupungua polepole pamoja na mwendo, chanzo ki magurudumuni. Kwa kawaida gurudumu la mbele husema kupitia usukani, na la nyuma kupitia kiti na mahali pa kukanyagia.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza. Tairi lenye meno makubwa, lililoundwa kwa ajili ya tope, hunguruma lipitapo juu ya lami kwa sababu kila jino hugonga barabara kwa zamu yake. Mngurumo huo ni tabia ya tairi. Atakayelipa ili uondolewe kwa kusawazisha atakuwa amelipa bure.

Ikiwa chanzo ni gurudumu, bado haijawa zamu ya kusawazisha. Inueni gurudumu, injini ikiwa imezimwa, mlizungushe kwa mkono. Tunasisitiza mkono, maana wapo waliopoteza vidole kwenye cheni kwa kuliacha gurudumu la nyuma lizungushwe na injini. Shikeni tairi juu na chini mlitikise: likicheza, beringi zimechakaa. Gongeni spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hutoa mlio mkali, iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Fungeni kijiti kwenye shokapu, ncha yake ikikaribia ringi, mtazame kama ringi inayumba. Vitabu vingi vya matengenezo huweka kikomo cha milimita 2, kwa kuyumba pembeni na kwa kupanda na kushuka. Mwisho, tazameni mstari mwembamba ulio kwenye tairi karibu na ukingo wa ringi: uwe na umbali uleule pande zote. Mahali unapozama, tairi halijakaa vizuri, na hapo dawa ni kupunguza upepo, kupaka maji ya sabuni na kujaza tena bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Uzani uliobandikwa juu ya ringi iliyopinda hufunika kosa tu.

Sasa tufike kwenye kusawazisha kwenyewe. Gurudumu hufunguliwa, na ekseli yake huegeshwa juu ya mihimili miwili iliyo sawa kwa pima maji. Lisukumeni kidogo, mliache lisimame lenyewe. Sehemu nzito itashuka chini. Wekeni alama ya chaki, mrudie mara tatu. Likisimama kila mara mahali tofauti, ama limesawazika ama linakwama. Sili za beringi zilizobana, au gia ya spidomita iliyoachwa ndani, huweza kulidanganya jicho. Alama zikikubaliana, uzani huongezwa upande wa pili, juu kabisa, kidogo kidogo, hadi gurudumu likae popote mtakapoliweka. Uzani wa kubandika hauvumilii tope na mawe. Kwa gurudumu la spoki ni bora uzani wa kubana juu ya spoki karibu na nati yake, au waya wa kulehemea uliozungushwa kwa kukazwa mahali hapo. Waya huo mara nyingi una risasi, ambayo ni sumu. Anaweni mikono kabla ya kula.

Mara nyingi mtakuta kwamba sehemu nzito ndiyo penye kibano cha tairi, yaani kile chuma kilichofungwa kwa nati ndani ya ringi ili tairi lisiteleze. Peke yake huweza kufikia au kupita gramu 100. Wapo mafundi ambao dawa yao ni kukiondoa, na kweli mtetemo hupungua siku hiyo hiyo. Tunawaomba msikubali ikiwa mnaendesha kwa upepo mdogo kwenye mchanga au mawe. Bila kibano tairi huteleza juu ya ringi, huiburuta tyubu na kuing'oa valvu yake, na upepo hutoka ghafla mkiwa mwendoni. Mwambieni fundi aongeze uzani mkabala na kibano, nacho kibaki mahali pake.

Mnapompelekea fundi kazi hii, kubalianeni bei kabla gurudumu halijafunguliwa, na mwombeni awaonyeshe gurudumu likisimama popote bila kuzunguka lenyewe. Akisema amebadilisha beringi, ombeni zile kuukuu pamoja na risiti. Kila tairi linapobadilishwa, au likifunguliwa ili tyubu itiwe kiraka, chorwe alama ya rangi mbele ya valvu ili lirudishwe palepale lilipokuwa; tairi jipya hupimwa upya. Baada ya safari ya kwanza kwenye njia mbovu, kagueni spoki na uzani mliouongeza. Waya uliolegea huondolewa na kukazwa upya siku hiyo hiyo, kabla haujachomoka na kuingia kwenye breki.