Namna Ruta Inavyochagua Njia

Ruta ni chombo kinachopokea vifurushi vya habari kutoka mtandao mmoja na kuvipeleka kuelekea mtandao mwingine. Penye njia nyingi, haina budi kuchagua. Katika makala haya tutaeleza namna moja ya kuchagua, ambayo msingi wake ni huu: kila ruta huwa na ramani nzima, na ramani zote sharti zilingane.

Kuchora ramani

Itifaki itumiwayo sana kwa kazi hii ni OSPF, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1989. Ruta huzitambua ruta jirani kwa salamu. Katika mtandao wa Ethaneti, kwa kawaida salamu hutumwa kila sekunde 10. Jirani ikinyamaza sekunde 40 huhesabiwa kuwa haipo. Fundi anapoziandaa ruta mbili jirani yampasa azipe vipindi vilivyo sawa na namba moja ya eneo; la sivyo hazitapatana. Kisha kila ruta hutangaza viungo vyake na gharama ya kila kimoja, na tangazo hilo hupokezanwa mpaka lizifikie ruta zote za eneo.

Kutafuta njia nafuu

Mwanafunzi achore ruta nne na gharama hizi: A–B 10, A–C 3, C–B 4, B–D 2, C–D 8. Tuanzie A, kwa kanuni aliyoitangaza Edsger Dijkstra mwaka 1959: kila mara twaa ruta iliyo karibu zaidi miongoni mwa zilizosalia. Ya kwanza ni C (3). Kupitia C, B ni 3 + 4 = 7, pungufu ya 10. Kupitia B, D ni 7 + 2 = 9, pungufu ya 11. Basi njia nafuu ni A–C–B–D.

Sasa kiungo B–D kikatike. B, yenye habari mpya, itapeleka vifurushi vya D kupitia C. Lakini C ikiwa bado na ramani ya zamani, itavirudisha kwa B. Vifurushi vitazunguka bure baina yao mpaka C ipate habari.

Funzo la mwaka 1980

Ruta hutambuaje tangazo lililo jipya? Kwa namba ya mfululizo. Katika mtandao wa ARPANET wa Marekani namba hizo zilikuwa 0 hadi 63, kisha zikaanza upya. Tarehe 27 Oktoba 1980, hitilafu ya mitambo iliharibu namba za tangazo, yakapatikana matatu: 8, 40 na 44. Kwa hesabu ya duara, 40 ilikuwa mpya kuliko 8, 44 mpya kuliko 40, na 8 mpya kuliko 44! Matangazo hayo yakafukuzana bila kikomo, na mtandao ukakwama kwa saa kadhaa.

OSPF imejikinga kwa njia tatu: namba zake ni za biti 32 wala hazizunguki, kila tangazo lina hesabu ya kuhakiki yaliyomo, na tangazo lisilofanywa upya hufutwa likitimiza sekunde 3,600.

Zoezi

Rejesha kiungo B–D, kisha ukate C–B. Njia nafuu kutoka A hadi D ni ipi?

(Jibu: A–C–D, gharama 11.)