Usiandike "shauku" kila mahali

Unaandika barua ya kuomba kazi mgodini North Mara. Au tangazo la mkutano kata ya Turwa. Unataka watu waone moyo wako unawaka, basi unachukua neno la kwanza linalokuja, nalo linakuangusha. Kabla hujaandika, jiulize: moto huu umewashwa na nini, na unaelekea wapi?

Anza na ari. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni fedheha, na fedheha hiyo bado imejificha ndani yake: mwenye ari hakubali kuonekana ameshindwa. Kwa hiyo litumie palipo na ushindani au jina la kulinda. CCM ilipoingia kwenye uchaguzi wa 2005 na Jakaya Kikwete, kaulimbiu ilikuwa "Ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya". Weka "shauku mpya" hapo, uone kaulimbiu inavyolegea.

Hamasa mara nyingi hutoka nje. Kuna mtu anayeitia. Ukiwa mwenyekiti wa mtaa au mshereheshaji, hili ni neno lako: "Wananchi wamehamasika kuchangia matofali." Kwenye barua ya kazi liache. Mwajiri atajiuliza nani atakuwa anakuhamasisha kila asubuhi.

Shauku hutazama mbele, kwa kitu ambacho hakijafika. Machi 2019, Taifa Stars ilipokuwa inajiandaa kucheza na Uganda, nchi ilikuwa na shauku, maana hatukuwa tumefuzu AFCON tangu 1980. Tukashinda 3-0. Kuanzia hapo haikuwa shauku tena, ilikuwa shangwe. Kwa hiyo "tunakusubiri kwa shauku" ni sawa kabisa. "Nimefanya kazi kwa shauku miaka mitano" inakwaruza sikio. Andika "kwa ari", au "kwa bidii".

Bidii yenyewe hukaa mkononi, haikai moyoni. Ukiitaja, toa ushahidi: "Msimu wa kahawa nilisimamia mizani ya chama cha msingi, na hesabu zilifungwa kila jioni." Ukishaandika hivyo, neno lenyewe unaweza kulifuta. Sentensi haitapungukiwa na kitu.

Hamu iachie chakula, usingizi na watu uliowakumbuka. Uchu una harufu ya njaa, ndiyo maana tunausikia sana kwenye siasa: mpinzani ana uchu wa madaraka, sisi tuna nia ya kuwatumikia wananchi. Usijipake harufu hiyo mwenyewe.

Sasa njoo kwenye maneno ya moto mkali, maana hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Muziki wa litungu ukikolea na mchezaji akaanza kutetemeka, unaweza kusema amepandwa na mori. Lakini mori una hasira ndani yake. Unapendeza kwenye simulizi, kwenye muhtasari wa kikao unamfanya mjumbe aonekane alitaka kupigana.

Jazba ni hatari zaidi kwa sababu inaonekana ya kistaarabu. Ukiandika "mjumbe alizungumza kwa jazba", umeshamhukumu: umesema akili ilikaa pembeni. Kama ulitaka kusema tu kwamba jambo lilimgusa, andika "kwa hisia kali". Kama alirudia hoja yake mara kwa mara, "kwa msisitizo". Katibu wa kikao, hapa usiharakishe. Muhtasari husomwa tena mwaka ujao, na mjumbe huyo atakuwepo.

Morali ni neno la kambini, na huku kwetu Mara nyumba nyingi zina mtu aliyepita jeshini, kwa hiyo halimshtui mtu. Litumie kwa kikundi: timu ina morali, vijana wa ujenzi wamepoteza morali. Mzuka ni wa kijiweni na kwenye WhatsApp. Zamani mzuka ulikuwa pepo, na bado unapanda vilevile, ghafla na bila mpango. Kwa mkurugenzi wa halmashauri usiupeleke.

Ukimaliza, msomee mtu mzima kwa sauti. Akikuambia "punguza kiherehere", anza kwa kufuta "sana" zote, kisha alama za mshangao.